Kidole Kisichouma

Ambatolampy, 4 Juni

Voahangy mwanangu,

Hujambo huko Antananarivo? Sisi tu wazima, na mama yako ni mzima kama jiwe.

Ule mkono niliovunja kifundoni nilipoteleza uliunga vizuri. Tangu nitolewe plasta, wiki tatu sasa, nimeirudia valiha yangu na nyuzi zake za mwanzini. Jana nilipiga kwa Mama Ravao, yule mganga wa mizimu, kuwaita waliotangulia. Katikati ya wimbo kidole gumba kikalala. Nikakiinua kwa mkono wa pili, nikakiachia, kikaanguka. Hakikuuma hata chembe. Mama Ravao alikuwa ameshapandisha, akasema kwa sauti ya kizee, macho kayafumba: "Chake nimekichukua."

Tangu hapo watu hawanipi mkono.

Baba yako

Antananarivo, 9 Juni

Baba, shikamoo. Mama naye namwamkia.

Nilianza kumsimulia Daktari Haingo, wa hapa kliniki ninapofanya usafi. Sijafika mbali akanikatiza: "Alivunjika kifundo, akapona, sasa kidole gumba hakipandi wala hakiumi?" Nikajiuliza, nani kamwambia? Kumbe amewaona wengi. Hata mfupa ukipata ufa tu, kano inayoinua kidole hukosa damu, ikasagika pale pale polepole mpaka ikakatika. Njoo upimwe altrasaundi.

Mwanao

Ambatolampy, 27 Juni

Mwanangu, salamu nyingi.

Nisamehe kwa kuondoka kliniki bila kuaga. Ulisimama pale, uliona. Daktari alipitisha kile kifaa cha altrasaundi juu ya mkono, kano ikaonekana kwenye skrini ikija, ikija, halafu ikaisha. Mbele yake ala inamopita kano, tupu, nyeusi, kama nyumba iliyohamwa. Ncha ya pili ilikuwa mbali, imejikunja. Nilikuwa natazama ndani yangu mahali ambapo kitu hakipo.

Nimemwendea Mama Ravao nimuulize nani alichukua. Akanitazama kwa mshangao. "Kwani nilisema nini?"

Sitaki kupasuliwa.

Baba yako

Antananarivo, 1 Julai

Baba, shikamoo. Umeamkaje?

Wazee wangetaka kitu wangechukua kizima, si kilichosagika. Ncha zile hazishoneki tena. Kidole cha shahada kina kano mbili. Daktari atahamishia moja kwenye kidole gumba. Ukikataa kupasuliwa, valiha utaitundika ukutani uitazame. Njoo, Baba. Nitakaa nawe mpaka uamke.

Mwanao

Ambatolampy, 2 Oktoba

Voahangy wangu,

Tunakusalimu sote. Asubuhi tumekula wali na kunywa maji ya ukoko uliochemshwa, nikakukumbuka.

Jana nilipiga wimbo mzima. Wiki za mwanzo baada ya kupasuliwa kidole gumba nilikiita, hakisikii, mpaka nilipodhamiria kunyoosha cha shahada. Ndipo chenyewe kikainuka. Nilikiona kama cha mtu mwingine. Sasa tumezoeana.

Mizimu nimeacha kuiogopa. Kinachonitisha ni zile wiki tatu: nilikula, nilicheka, nilipiga muziki, na kano inasagika ndani bila kunibisha hodi. Siku hizi jambo lisiloniuma ndilo ninalolipapasa kwanza.

Mama yako haumwi popote. Nimemwambia afunge mzigo. Tunakuja Jumanne, naye apimwe.

Baba yako