Sikio la Sumaku

Mgodini Geita,
8 Machi 1953

Kwa Mjomba Nkwabi,

Shikamoo mjomba. Mama Zipora naye mpe shikamoo yangu, na wote wa hapo Kolandoto nawasalimu. Mimi mzima, ila mikono inanuka grisi hata nikioga. Mvua imewafikia? Ng'ombe hawajambo?

Mjomba, nimeona kitu. Kuna mpima ardhi Mzungu alikaa hapa wiki mbili, ana gitaa, lakini si kama yale tuliyoyaona Shinyanga mjini. Hili kifua chake kimevimba, na badala ya tundu moja la duara lina mawili membamba, yamepinda, moja kila upande. Nilikwenda kumtengenezea taa, akaniruhusu nichungulie ndani kwa tochi. Ule uvimbe haukukunjwa kwa mvuke! Umechongwa kutoka ubao mnene, nje na ndani, ukaachwa mnene katikati na mwembamba pembeni. Nyuzi zinakandamiza kidaraja, kijiti kinachozibeba, kidaraja kinakandamiza kifua, kifua kinasukuma hewa itoke kwenye matundu. Kisha akachomeka waya kwenye kisanduku cha spika, akagusa uzi mmoja tu, na vikombe vyote mezani vikatetemeka. Niliogopa, mjomba, nakwambia kweli. Nilitoka pale nimesahau bisibisi yangu.

Mwenyewe amekwisha ondoka, lakini nilipima kila kitu kwa kamba na mchoro huu hapa ndani ya bahasha. Umechonga mazeze mangapi maishani mwako, na ngoma ngapi? Tufanye letu. Wewe mbao, mimi umeme.

Mpwa wako,
Herman


Kolandoto,
1 Aprili 1953

Mpwa wangu Herman,

Marahaba. Sisi hatujambo, mvua imetosha na mtama umesimama. Mama Zipora anauliza utaoa lini, au utaoa hilo gitaa.

Mchoro nimeuweka juu ya meza ya karakana, nikautazama siku tatu. Aliyebuni kitu hiki ana akili, tena ni mkaidi. Unachukua ubao mzima, unautupa karibu wote chini uwe maranda, ili ubaki na ngozi yake! Lakini nimemwelewa. Hii ni ngoma ya mti inayopigwa na nyuzi. Kwa mgongo na shingo ninao mninga uliokauka darini miaka tisa. Kifua hakiwezi kuwa mninga. Ni mzito, utakaa kimya kama bibi harusi. Nitafutie mti mwepesi, uliokwenda wima bila fundo.

Na unieleze hicho kisanduku kinasikiaje. Siwezi kumchongea msikilizaji nisiyemjua.

Mjomba wako,
Nkwabi


Mgodini Geita,
10 Mei 1953

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kwa habari za mtama. Nimempa Mageni, dereva wa lori la mgodi, mbao mbili za msonobari zenye unene wa vidole vitatu. Zilikuwa kasha la mashine kutoka Ulaya, kwa hiyo usishangae kuona herufi nyekundu.

Kisanduku hakisikii chenyewe. Kina sikio, nalo nimekwisha litengeneza: sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, mizunguko elfu tano. Nilipoteza hesabu nikaanza upya mara mbili. Waya nimeutoa kwenye simu mbovu, kwa ruhusa ya fundi wetu mkuu, Mzee Athanas. Uzi wa gitaa ukitikisika juu ya sumaku, umeme mdogo unaamka ndani ya shaba na kwenda kwenye spika. Hapo katikati hapana kitu unachoweza kukiona wala kukishika. Mzee Athanas amekaa na mitambo miaka ishirini, na tulipolijaribu kwa kipande cha waya wa chuma alivua kofia.

Niachie tundu la mstatili kifuani, nitaliingiza humo.

Mpwa wako,
Herman


Kolandoto,
27 Septemba 1953

Mpwa wangu,

Marahaba. Hapa wote wazima, Zipora amejifungua mtoto wa kike, ameitwa Ghati.

Gitaa limekwisha, analo Mageni. Tundu sikutoboa wala sitatoboa. Kifua hiki nimekikwangua miezi minne kwa kipande cha chupa mpaka ukikigonga kwa kidole kinaitika, halafu nikikate? Sikio lako lining'inize kwenye ncha ya shingo, likae chini ya nyuzi bila kugusa mti. Kifua ukikibebesha mzigo kitapumua vipi?

Kuna jambo sikukuandikia. Masikio yangu yananiaga. Daktari wa hospitali hapa ameyatazama, amesema dawa hakuna. Kwanza walinyamaza ndege, kisha sauti ya Zipora. Kifua hiki nimekipima kwa meno: nauma ukingo wa ubao, nagonga, na sauti inapanda tayani mpaka kichwani. Mama Zipora aliponikuta alidhani nina njaa. Hii ndiyo kazi yangu ya mwisho ninayoweza kuisikia, Herman. Nataka kujua kama mti wangu unasema ndani ya huo waya wako, kabla masikio hayajafunga kabisa.

Nyuzi nimekutilia za mishipa ya ng'ombe, kama za zeze la babu yako. Sijapata kusokota nzuri kuzishinda hizo.

Mjomba wako,
Nkwabi


Mgodini Geita,
25 Oktoba 1953

Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa mjukuu. Habari ya masikio yako nimeisoma. Kwa nini ulificha? Nimeumia sana.

Gitaa limefika salama. Bila umeme linasikika mpaka nyumba ya tatu. Nikalining'iniza sikio kama ulivyoamuru, na Jumapili baada ya ibada tukalipeleka ukumbini, watu wamejaa mpaka madirishani. Nikachomeka kwenye spika ya ukumbi. Nikapiga. Kimya, mjomba. Spika inanguruma peke yake. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, ni ule ule mngurumo. Walicheka mpaka nikatamani kuingia shimoni.

Mzee Athanas ndiye aliyegundua. Alichukua msumari akaupitisha juu ya sumaku, spika ikapiga kelele. Sumaku haiujui mshipa wa ng'ombe. Inasikia chuma peke yake. Mimi ndiye niliyepaswa kukuambia, nikapitiwa. Nyuzi za chuma nimeagiza Mwanza.

Mpwa wako,
Herman


Kolandoto,
15 Novemba 1953

Herman,

Marahaba. Hatujambo.

Kama sikio lako linasikia chuma peke yake, mimi nilichonga nini? Zifunge nyuzi zako kwenye mlango wa choo, utapata sauti ile ile. Na usinidanganye kwa kunihurumia.

Nkwabi


Mgodini Geita,
10 Januari 1954

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama Zipora je? Umeweka jina tupu mwisho wa barua, nalo limeniuma kuliko maneno ya juu yake.

Nilichelewa kujibu kwa sababu nilitaka nijaribu kwanza. Nyuzi zilipofika nilichukua ubao wa mninga, mzito, usio na tumbo. Si mlango wa choo, lakini ni ndugu yake. Nikafunga nyuzi za chuma, nikaliweka lile sikio, nikachomeka. Sitakuficha, ubao ule unasema. Sauti inatoka nyembamba, inakwenda, inakwenda, haina haja na mtu. Kisha nikahamisha kila kitu kwenye gitaa lako: nyuzi zile zile, sikio lile lile, umbali ule ule.

Mjomba! Sauti inaanza na teke. Ni nene, ina joto, halafu inatua mapema kama mtu aliyemaliza kusema. Mzee Athanas aliuliza nimebadilisha nini kwenye waya, nikamwambia sijagusa kitu. Tulifikiri siku nyingi, na tunavyoona ni hivi: kifua chako kinatembea, na kikitembea kinakula nguvu ya uzi, kwa hiyo uzi wenyewe unacheza vingine. Sumaku inasikia chuma, ni kweli. Lakini anayekifundisha chuma namna ya kutikisika ni mti wako.

Usiniamini. Njoo mwenyewe. Mageni atakungoja stesheni ya Mwanza tarehe ishirini na tatu. Nitakukalisha kwenye benchi umegeukia ukuta, spika nyuma yako, nipige vyote viwili. Wewe ndiye utakayesema.

Mpwa wako,
Herman


Kolandoto,
21 Februari 1954

Mpwa wangu Herman,

Nimefika salama, ingawa treni ilikaa Malya nusu siku. Wabeja sana, nashukuru kwa yote, na Mzee Athanas mwambie hivyo hivyo.

Pale ukumbini sikusema neno, maana watu walikuwa wengi na siku hizi sijui napaza sauti kiasi gani. Ulipopiga cha kwanza nilisikia kitu cha mbali, kama mtu anayepita barabarani na shughuli zake. Nikasema moyoni, basi Nkwabi, yamekwisha. Ulipopiga cha pili, benchi lilinigonga mgongoni. Lile teke! Nililitambua kabla sijajua kama nimesikia. Ndilo lililokuwa likinipanda tayani mwezi wa Agosti, ubao mdomoni. Limetoka kwenye kasha la mashine, likapita kwenye chuma, shaba na umeme, vitu ambavyo mimi sivijui hata kimoja, na likanifikia bado ni langu. Mkono niliouinua uliuona. Uso hukuuona, na naushukuru ule ukuta.

Tangu nirudi, sikio la kushoto limefunga. La kulia linafuata. Mama Zipora akinitaka ananigusa bega. Nilidhani nitalia, sikulia.

Mpe Mageni msonobari mwingine, usio na fundo. Nataka kuanza kifua cha pili. Meno bado ninayo. Nawe usiache kuandika. Barua bado nazisikia zote.

Mjomba wako,
Nkwabi