Mkungu Mmoja Mara Saba

Kipindi cha redio "Kaa Nikuambie", na Ma Adelgunda. Jumatano, saa tatu asubuhi.

BARUA

Ma Adelgunda, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya tairi bovu hapa karakanani kwangu, mikono ina oili, simu yenyewe inateleza, nakuomba unisaidie kabla ya Jumamosi kwa sababu Jumamosi ikifika sijui sura yangu nitaiweka wapi, na tafadhali usinitaje, jina kapuni.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Bugomora, nina miaka thelathini na moja, sijaoa, naishi na mama yangu. Ufundi ndio unaonilisha ila kinachonipa raha ni kupiga picha. Kamera sina, nina simu tu, lakini ndani ya hiyo simu kuna programu ya kurembea picha, na Mungu anisamehe, naijua kuliko ninavyoijua injini. Nilianza na vitu vidogo, watu wakitoka kanisani wananipangia foleni, nawapiga, nawatoa chunusi, naposti, wenzetu walioko Mwanza na Dar wanasifia. Felicitas wa kwaya alikuwa na pengo nikampa jino, sasa akicheka anaziba mdomo kwa mkono watu wasije wakalinganisha. Ta Melkiory, mwenyekiti wa kigango chetu, nilimwotesha nywele, ndugu zake wakampigia simu kumpongeza, na tangu siku hiyo haonekani bila kofia, na kwa kuwa kanisani mwanaume haingii na kofia basi ibada anaifuatia nje dirishani. Hayo yote niliyaona mchezo tu.

Sasa kuna Joanitha. Joanitha kwao ni Nyakatuntu, anafanya kazi kliniki huko Nyakahanga, nilimpiga picha kwenye harusi ya binamu yake mwaka jana, na kati ya watu wote niliowahi kuwapiga ni yeye peke yake aliyeniambia, "Yangu usiiguse, nataka mama anitambue." Ma, hapo nilikwisha. Tukapendana, na mwezi uliopita akamwambia baba yake, Ta Telesfori. Wewe ni wa huku unajua, mzee wa kwetu hakuulizi kwanza unafanya kazi gani, anauliza kibanja chenu kikoje, kwa sababu nyumba isiyozungukwa na migomba ya kueleweka ni nyumba gani. Basi Joanitha akanitumia ujumbe kwamba baba anataka picha ya kibanja. Na kibanja chetu Ma, tangu mwezi wa tatu kimeingiwa na mnyauko, majani yamegeuka njano, ndizi zinaiva hazijakomaa na ukizikata ndani ni kahawia, mkungu wa maana ulibaki mmoja tu, nyuma ya choo. Nikaenda nikaupiga huo mmoja, nikaunakili mara saba, nikaupachika kwenye migomba saba, yale majani ya njano nikayavuta mpaka yakawa kijani, kijani ambacho hata mimi sijawahi kukiona kwenye mgomba, choo nikakifuta, nikatuma. Halafu shetani akaniambia niweke na fesibuku. Watu mia tatu na kumi na wawili wakaipenda. Jirani mmoja akamwonyesha mama, mama akaisogeza simu karibu na macho akauliza, "Hiki ni kibanja cha nani?" Nikamwambia ni cha kwetu. Akacheka kidogo, kisha akaenda kumenya mihogo, maana ndiyo tunayokula siku hizi.

Ta Telesfori akanipigia yeye mwenyewe. Akasema kijana mwenye kibanja kama kile hawezi kuwa mnywaji wa mchana, akaniita mwanangu, nikaitika naam baba kwa raha zote. Halafu akasema, "Changu chote kimekauka. Jumamosi nakuja na gari, niandalie machipukizi hamsini nikapande upya. Tukishapakia, tutakaa tuongee habari ya Joanitha."

Tangu hapo nahangaika. Nilikwenda kwa jirani yetu Mukantabana, mama mjane ambaye kibanja chake kinatazamana na chetu ng'ambo ya barabara na hakina jani hata moja la njano, nikamwomba aniazime kwa nusu siku tu, nimpokee mzee pale niseme ndipo kwetu. Akaniangalia kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Kibanja si suti ya harusi, uvae kisha urudishe." Nikawaza kununua mikungu gulioni niifunge kwenye migomba yetu kwa kamba ya manila, nikajaribu na mmoja, ukaanguka ukampiga mbuzi, mama alikuwa amesimama mlangoni akaona kila kitu, akaingia ndani akaanza rozari. Nimewaza kuugua. Nimewaza kusafiri lakini sina pa kwenda.

Ila Ma, kuna machipukizi kama sitini pale kwetu ambayo ukiyatazama ni mabichi kabisa, njano hakuna. Je, nikimpa hayo kuna ubaya gani, si yanaonekana mazima? Ayapande, mimi nioe, mengine tutajua mbele ya safari. Au nimwambie ukweli nimkose Joanitha? Nampenda, sitanii. Picha yenyewe hii hapa nimeiambatanisha uione. Mpaka leo hakuna aliyegundua.

Jina kapuni, Bugomora.

MAJIBU YA MA ADELGUNDA

Marahaba, Jina Kapuni.

Picha yako nimeiona, na chai yangu ilikuwa haijapoa nikawa nimeshagundua. Mwanangu, chini ya kila mkungu kuna mkia wa kuku. Mikia saba, na hakuna kuku hata mmoja mwenye kichwa. Uliponakili mkungu ulinakili na kuku aliyekuwa anajipitia zake. Hao watu mia tatu na kumi na wawili hawakumwona kwa sababu watu wa fesibuku hawatazami, wanabonyeza tu. Na Ta Telesfori hakumwona kwa sababu mtu aliyefiwa na kibanja haangalii kuku, anaangalia ndizi.

Nimecheka, sikufichi. Fundi mitambo wetu amechungulia mara mbili kuuliza kama niko salama. Lakini nilipofika kwenye hayo machipukizi sitini kicheko kiliisha, na hapo umeniudhi kweli. Wewe ni mtoto wa kibanja, unataka kuniambia hujui kwamba mnyauko unakaa ndani ya chipukizi kimya kimya na kwa nje huoni kitu? Unajua. Ungekuwa hujui usingeniuliza. Unataka mzee wa watu apakie ugonjwa kwenye gari kwa mikono yake, ausafirishe hadi Nyakatuntu, auchimbie mashimo hamsini, aumwagilie maji, halafu wewe umwite baba mkwe? Jino la Felicitas halikumwondolea mtu chakula. Hili litaondoa chakula mezani kwao Joanitha, kisha lihamie kwa majirani zao ambao hata picha yako hawajaiona. Aibu gani wewe unayoikimbia mpaka ukubali hayo?

Na hiyo aibu yenyewe hebu tuitazame. Soma tena barua yako. Mzee alikuambia nini kwenye simu? "Changu chote kimekauka." Hakuulizwa. Alilisema mwenyewe, kwa kijana anayemtaka binti yake, na yeye ni mzee wa Kinyambo ambaye kibanja ndiyo heshima yake. Hakupaka rangi. Ungemjibu palepale, "Hata chetu, Ta," mngepeana pole kama wanaume wawili wenye msiba mmoja, na habari ya Joanitha ingeongelewa siku hiyohiyo. Badala yake uliitika naam baba.

Sasa nisikilize, na oili yako ifute. Karakana funga leo. Mtafute afisa kilimo wa kata aje akione kibanja kilivyo, siyo kwenye simu. Migomba iliyougua ikate mpaka chini na uiache palepale, usiiburute kibanjani, na panga ulipitishe kwenye moto kila ukimaliza mgomba mmoja kabla hujagusa mwingine. Kwa ile itakayobaki mizima, lile ua la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu usilikate kwa panga, livunje kwa mti wenye panda. Chipukizi lisitoke hapo hata moja, hata kwa shemeji, hata kwa padri.

Ukitoka hapo vuka barabara uende kwa Mukantabana. Safari hii huendi kuazima, unakwenda kuomba. Mwambie kuna mzee Nyakatuntu anatafuta mbegu safi, na kwamba wewe uko tayari kumpalilia kibanja chake mpaka aseme basi. Mwanamke aliyekujibu vile kuhusu suti anajua anachokifanya, na mgomba wake haukupona kwa bahati. Ukiwa unapalilia, funga mdomo, fungua macho, ujifunze. Akikukatalia, afisa kilimo atakuelekeza mbegu safi ilipo, na hiyo ndiyo utakayomwandalia mzee.

Mama yako mwombe radhi, tena mapema. Kibanja kile amekipalilia tangu hujazaliwa, halafu ameonyeshwa kingine nawe ukamwambia ndicho chake. Hukuona kwamba kile kicheko hakikuwa cha kufurahi? Na nimalizie na hili dogo: mrudishie Ta Melkiory upara wake, mvua zinakuja na mwenyekiti wa kigango bado yuko nje dirishani.

Kuhusu Joanitha, sikuahidi kitu. Anaweza akakasirika na atakuwa na haki. Ila huyo ni msichana aliyekukataza kugusa sura yake, kwa hiyo usinidanganye kwamba hukujua anapenda watu wa namna gani.

Sasa jambo la mwisho, na hili usinilaumu. Uliniomba nisitaje jina lako, sijalitaja, na majina ya wenzako yote nimeyabadilisha. Lakini hii ni redio, ni saa tatu asubuhi, na Nyakatuntu wanatupata vizuri sana. Fundi pikipiki wa Bugomora mwenye picha ya mikungu saba yuko mmoja. Nilifikiria kuifungia barua yako kabatini mpaka Jumamosi ipite, kisha nikakumbuka gari na mashimo hamsini, nikaona heri uumbuke wewe kuliko kibanja cha mtu kife mara ya pili. Kwa hiyo, hiyo Jumamosi uliyokuwa unaihesabu isahau. Nimemwomba fundi mitambo apige wimbo mrefu kuliko wote alionao, na huo ndio muda wako. Chukua simu, ingia kibanjani, piga picha ya majani ya njano yote, na choo kionekane, umtumie Joanitha kabla baba yake hajampigia.

Na hiyo usiiguse.