Wimbo wa Ng'ombe Umeingia Supermaketi

Kaptembwa, Nakuru
Desemba

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe na Mama, pamoja na wote wanaopita hapo kwenu kunywa chai. Goti linaendeleaje? Mama aliniambia limeanza kukusumbua tena ukipanda kutoka mtoni, na kwamba umekataa kununuliwa fimbo. Tafadhali kubali fimbo. Mimi ni mzima, ila miguu huvimba jioni kwa sababu ya kusimama, na huku mchana ni jua na vumbi tupu.

Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Lakini kwa simu wewe husema "sawa, sawa" kisha unampa Mama, na habari hii nikimpa Mama ataifupisha. Nataka uipate yote, halafu uniambie nifanye nini, kwa sababu mimi mwenyewe nimeshindwa kujua.

Tangu katikati ya Novemba, meneja wetu hapa supermaketi, Bwana Kiprono, ameweka nyimbo za Krismasi kwenye spika. Siku ya kwanza nilifurahi sana. Nilikuwa napitisha sukari na sabuni za watu kwenye mashini huku nikikumbuka mazoezi yetu pale kanisani, wewe umesimama mbele, unagonga kile chuma chako cha kupimia sauti kwenye benchi, sisi watoto tukingoja utuonyeshe pa kuanzia. Wateja waliniuliza mbona natabasamu.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Ni nyimbo za Kiingereza, Baba, za kengele na theluji, na zikiisha zinaanza upya, kuanzia tunapofungua mlango hadi tunapofunga. Njeri, keshia wa kaunta iliyo karibu na yangu, aliniambia siku moja, "Huyu mtu wa kengele nikimpata, nitamnyang'anya hizo kengele nizitupe ziwani." Tulicheka. Lakini baadaye nilianza kuamka asubuhi na kengele kichwani kabla hata sijafungua macho. Na Jumapili moja kanisani huku, kwaya ilipoanza kuimba wimbo wa Krismasi, niliinuka nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi mpaka wakamaliza. Hapo niliogopa. Nilijiuliza, mimi mtoto wa Mwalimu wa kwaya, nimefikaje mahali pa kukimbia nyimbo?

Sasa sikiliza kilichotokea. Jumamosi moja Bwana Kiprono aliwaalika watoto wa shule fulani waje waimbe pale mlangoni, ili wateja wachangamke. Spika zilizimwa. Mimi nilikuwa nahudumia mama mmoja aliyenunua unga mwingi, sikuwa hata nawaangalia. Mara nikasikia:

*Ng'ombe walimwona kwanza,
kabla ya wachungaji...*

Baba, mkono wangu ulisimama juu ya pakiti ya unga. Nilidhani ni kichwa changu. Wimbo wako, ule ulioutunga mwaka ambao ng'ombe wetu alizaa siku ya Krismasi, nawe ukaja kanisani umechelewa na matope kwenye viatu, ukatufundisha ubeti wa kwanza hapo hapo. Sikuwa nimeusikia tangu vijana walipoleta kinanda na maspika, wakasema nyimbo zako ni za wazee, nawe ukarudi kukaa benchi la nyuma. Sasa unaimbwa Nakuru, na watoto nisiowajua, wenye masweta ya rangi ya damu ya mzee.

Niliacha kaunta. Niliacha mama wa watu na unga wake. Mwalimu wao alikuwa amenipa mgongo, anawaongoza kwa mikono, na mikono ile niliijua kwa sababu ilikuwa inaiga yako. Alipogeuka nikaona ni Elijah, yule kijana aliyekuwa akiimba besi nyuma kabisa katika kwaya yako, mwana wa fundi wa baiskeli.

"Phanice wa Mwalimu?" akasema.

"Wimbo umeutoa wapi?" nikamuuliza. Hata salamu sikumpa.

"Ningeutoa wapi? Si Mwalimu mwenyewe alitufundisha?" Kisha akaangalia chini. "Mzee atakasirika?"

Nikakumbuka yule mtu aliyekuja nyumbani na mashini ya kurekodi, na wewe ukamwambia wimbo huo si wa kuuza, ukamsindikiza mpaka barabarani. Nilirudi kwenye kaunta nalia. Yule mama wa unga hakunigombeza. Aliniambia tu, "Pole, mami," akadhani nimefiwa.

Kumbe Bwana Kiprono alikuwa amewarekodi kwa simu yake. Jumatatu nafika kazini, wimbo wako uko kwenye spika, katikati ya kengele na theluji. Siku hiyo nilitembea kama mtu aliyevaa nguo mpya. Nilimwambia Njeri, nikawaambia walinzi, nikamwambia hata mteja aliyekuja kununua kiberiti peke yake: huo ni wimbo wa baba yangu.

Baba, sijui niandike vipi yanayofuata. Wiki haikuisha kabla sijaanza kuuchukia. Wimbo wako. Ukianza, napitisha bidhaa za watu haraka haraka ili uishe upesi, kama zinapoanza zile za kengele. Pale ulipotufundisha kushika pumzi kabla ya kusema "usiku ule", ndipo msichana anayetangaza kwenye spika huingilia kati na kusema mafuta ya kupikia yamepunguzwa bei. Njeri naye anauimba akipanga mifuko, bila kufikiri, na anaukosea. Nilimkemea mbele ya watu. Akaniuliza, "Kwani ni mimi nimeuweka huko juu?"

Kwa hiyo nilienda ofisini kwa Bwana Kiprono, nikamwomba autoe.

"Wateja wanaupenda kuliko zote," akasema. "Kwani shida ni gani?"

"Ni wa baba yangu. Alisema si wa kuuza."

Si mtu mbaya, Baba. Alisema, "Sisi hatuuzi wimbo, Phanice. Lakini kama ni wa mzee, nilipaswa kuuliza kwanza. Nautoa. Wewe muulize mzee. Akikubali tutaurudisha, na nimpelekee hampa ya Krismasi, kikapu cha vyakula, kwa heshima yake."

Akautoa. Nilitoka pale mwepesi. Lakini kufika mchana nilijikuta nausubiri. Kila kengele zilipoisha, nilinyamaza nikisikiliza kama ndio unaanza. Kisha akaja nyanya mmoja ambaye hununua maziwa kwetu kila mara, akaweka pakiti zake kwenye kaunta, akauliza, "Ule wa ng'ombe wameutoa?"

"Wameutoa, nyanya."

"Mbona? Mimi nilikuwa naja saa hii kwa sababu yake. Nyumbani kwangu hakuna anayeimba siku hizi."

Nilimrudishia chenji nikashindwa kumwangalia usoni. Jioni nilirudi ofisini nikamwambia Bwana Kiprono aurudishe. Alinitazama hivi, akasema, "Amua, mama." Kesho yake akaurudisha, na kabla ya chakula cha mchana nilikuwa tayari nimeuchoka tena. Sasa siwezi kumrudia mara ya tatu. Ataona nina wazimu, na labda ninao. Usiku nikiosha vyombo nauimba mwenyewe, sauti ya pili kama ulivyonifundisha, na nikijikuta nauimba sijui kama ni kwa sababu naupenda au kwa sababu umekwama kichwani tu. Je, wewe iliwahi kukupata hivi? Miaka yote ile ya mazoezi, hukuwahi kutuchoka sisi na sauti zetu?

Barua hii umeletewa na Elijah. Alipita kwangu jana kuniambia anakuja nyumbani kwa sikukuu, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Aliniambia kitu ambacho sikuwa nimekigundua. Watoto wake huimba beti tatu tu, kisha wanarudi kwenye ule wa kwanza, kwa sababu ule ubeti wa nne, wa asubuhi, yeye ameusahau. Nilitaka kumwimbia. Nikafungua mdomo nikakuta nami sinao. Tulikaa pale tunatafuta, yeye analeta neno, mimi naleta neno, na hakuna lililoingia. Mama nimempigia, naye anakumbuka maneno mawili tu, "maziwa" na "mwanga".

Kwa hiyo aliyebaki nao ni wewe peke yako, na hiyo nayo imeniongezea mkanganyiko. Juzi nilitaka wimbo uzimwe. Jana niliogopa kwamba umezimika nusu na hatukujua.

Elijah anaogopa kugonga mlango wako. Nilimwambia akupe barua kwanza, asimame hapo nje kwenye miti ya ndizi, akusubiri umalize kusoma. Kama umekasirika, mwambie ukweli, atawaambia watoto waache, nami nitamwambia Bwana Kiprono, hata akinicheka. Kama hukukasirika, mkaribishe ndani. Mimi sitakuambia ninataka lipi. Nimejaribu kujiuliza nikiwa nimetulia na bado kila siku napata jibu tofauti.

Krismasi yenyewe nina zamu mpaka mchana, kwa hiyo sitafika. Usimwache Mama aniwekee nyama, ataweka mpaka iharibike. Msalimie sana, umwambie shuka alilonitumia nililipata na linatosha. Msalimie kaka yangu mkubwa na mkewe, na yule mtoto wao mdogo ambaye sijamwona akitembea. Msalimie Shangazi wa sokoni, umwambie ndizi zake huku hatuna za kufanana. Na mchungaji pia, ingawa najua hamwongei sana.

Acha nikomee hapo, karatasi imeisha na jirani yangu wa mlango wa pili ameshafungua redio. Ni Krismasi tena, ni zile za kengele. Nimekunja uso tangu zianze, na huku mguu wangu unapiga mdundo chini ya meza, sijui umepewa ruhusa na nani.

Binti yako anayekupenda,
Phanice