Mashine Mia Tatu na Kumi kwa Jina Langu

Kwa dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na pole kwa kazi za hapo nyumbani. Natumaini hujambo, na mama anakula bila kupaliwa. Mimi mwili ni mzima. Mengine utayasoma humu.

Barua yako niliipata Jumatatu. Umeuliza jambo moja tu: nitakuja kumtunza mama mwezi ujao ili wewe uende chuoni, au uwaandikie wampe mwingine nafasi yako? Tangu apate kiharusi, miaka mitatu sasa, umembeba peke yako, na chuo kimekusubiri mara mbili. Ni haki yako kujua kinachonishikilia.

Kazi yangu hapa hospitalini ni kuzieleza kompyuta. Usicheke. Kila kompyuta, printa na seva naiandikia maelezo kwa XML, lugha ya maandishi na alama ambayo mashine za kampuni yoyote huielewa: iko chumba gani, inategemea nini, msimamizi wake nani, yaani yule ambaye bila yeye kuwepo kazini haitengenezwi. Maelezo hayo yana kanuni zake, na mfumo huzilinda kama askari asiyejua mzaha. Mojawapo inasema hakuna mashine isiyo na msimamizi. Ukiacha pengo kwa mashine moja, mfumo unakataa faili zima, na katika jengo lote hakuna mashine inayorekebishwa.

Nilipoanza, kila mtu alikwepa usimamizi. Fundi wa nyaya aliapa kwamba yeye na kalamu hawajuani. Mkuu wa kitengo akaniambia niweke jina langu kwa muda, mpaka wapatikane wenyewe. Hao wenyewe hawajapatikana hadi leo. Mashine mia tatu na kumi ni zangu, na fundi ananiita Mama Watoto. Printa ikikwama hunipigia simu kuniarifu kwamba mwanangu ana kikohozi.

Chumba changu hakina dirisha. Feni za seva zinavuma mpaka nikiwa sokoni bado nazisikia, na wauzaji hunitajia bei mara mbili wakidhani nina kiburi.

Mara tatu nimekuandikia kwamba mkuu amenikatalia likizo. Dada, sikuwahi kuiomba. Mwezi uliopita aliniita yeye mwenyewe, akasema nimekonda kama waya, akaniamuru niende nyumbani. Akajaribu kuweka jina la fundi mahali pa langu. Mfumo ukakataa. Akajaribu tena, ukakataa. Akakuna kichwa, akasema lililoandikwa limeandikwa, tuvumilie. Nami nikashusha pumzi pamoja naye, kama mtu aliyeonewa.

Kanuni iliyomkatalia niliiandika mimi. Inasema msimamizi haondolewi ila kwa idhini yake mwenyewe. Hakuna aliyeniagiza. Ni mstari mmoja, naweza kuufuta kabla chai haijapoa. Niliuandika wiki ile niliyorudi kutoka kwenu, baada ya mama kugeukia ukuta nikimlisha supu na kukuuliza huyu mgeni ni nani. Wewe ulisema ni ugonjwa tu. Mimi nilitoka kuosha bakuli, nikaliosha mpaka ulipokuja kuninyang'anya. Nikatafuta mahali ambapo hawawezi kuishi bila mimi. Nikajifungia, nikakwambia nimefungiwa.

Tangu asubuhi nimeukodolea macho mstari ule na bado sijaufuta. Ndiyo maana naandika kwanza. Ukishasoma haya, sitakuwa tena na mkuu wa kumsingizia. Fundi anasubiri mlangoni aipeleke barua hii posta, na nampa kabla sijaichana. Wewe usiwaandikie chuo neno lolote. Funga mizigo yako. Naogopa bado, lakini nitaufuta mstari ule na nitakuja nikiogopa hivyo hivyo.

Nisalimie majirani wote wanaokusaidia kumgeuza kitandani. Na mama, msalimie sana. Akikuuliza ni nani anayemsalimu, mwambie kuna mgeni anakuja, naye atakaa.

Ni mimi,
mdogo wako.