Kisanduku cha Watu wa Chumvi

Shangazi Somoe,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya ukoo mzima, walioko hapa Miteja na waliotawanyika, natangaza kwamba kifuniko cha birika lako la bluu kimepatikana. Hakikuibwa. Hakikupelekwa Dar. Bi Zaituni, jirani yako wa kibanda cha ubuyu, ambaye uliingia kaburini hujamsamehe kwa ajili ya kifuniko hicho, hakuwahi kukigusa. Kilikuwa ndani ya sanduku lako mwenyewe, chini kabisa, umekiviringisha kwenye kanga, ubavuni mwa kile kisanduku.

Shikamoo. Najua ningeanza na hiyo. Lakini nani angeniitikia? Nikaona nianze na birika.

Na ukiona nimeanza na birika, ujue naogopa. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema, "Saidi akiwa na lake, huanza na ya watu." Sijabadilika. Nimekaa kitandani kwako, tumetoka kuswali alasiri, mlango nimeuacha wazi. Redio za watu zinanisubiri barazani na wenyewe wameanza kununa. Nimetumwa kuchukua kanga mbili, sahani na kijiko, nirudi hospitali. Rehema amelazwa.

Rehema mjukuu wangu, huyo huyo aliyekuwa akikusuka nywele nawe ukilalamika kwamba anakung'oa ubongo. Tangu uondoke analala humu chumbani kwako. Mama yake, Asha, alimkataza, akalia mpaka akaachiwa. Alisema chumba kitaogopa peke yake.

Ngoja nikueleze kisanduku. Unakijua kuliko mimi, lakini nikikieleza natulia.

Ni kidogo kama kiganja. Mbao iliyovishwa ngozi nyeusi, kindoano cha shaba. Ukikifungua kama kitabu, upande mmoja kuna mahameli nyekundu iliyoliwa na wadudu, upande wa pili, pichani chini ya kioo, wamo wao. Mwanamume mwenye ndevu ameketi, bunduki mapajani. Mkewe amesimama nyuma, mkono begani kwa mumewe kama anayemzuia asiinuke. Bibi kizee kwenye kiti. Na mbele yao kitoto cha kike, mkono wake mmoja umekuwa moshi kwa sababu aliusogeza. Nyuma kuna nyumba ya magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, nyumba ya mtu aliyekosa udongo. Na chini, kote, peupe.

Bibi yako alimfulia nguo mlowezi mmoja aliyekuwa na shamba huku ndani. Mlowezi alipoondoka alimpa kisanduku, au bibi alijipa. Hilo ukoo haujaafikiana. Wale ndani yake ni wazee wa mlowezi, wa nchi nyingine kabisa. Tulijua hivyo kutoka kwa yule mgeni aliyekuwa anarudi kutoka kutazama magofu ya Kisiwani, gari likamharibikia hapa kwetu. Unamkumbuka alivyokishika, kama ameshika yai. Akatuambia hiyo si karatasi, ni bati lililopakwa fedha, na picha imekaa juu ya fedha kama vumbi. Kwamba watu hao walihama kwao kwenda kukata mashamba kwenye misitu ya wenyewe, kisha wakajipiga picha ili waliobaki nyumbani wajue bado wako hai. Kwamba ilibidi wakae bila kutikisika muda mrefu, ndiyo maana wamenuna. Akasema tusikifungue kioo kamwe, maana kidole kikigusa ile fedha kinaondoka na uso wa mtu, na haurudi. Na kile cheupe chini, akasema, ni theluji.

Ulimsikiliza kwa adabu, ukampa chai. Gari lake lilipowaka na kuondoka ukanigeukia. "Theluji. Mtu na akili zake akajenge juu ya theluji? Hao ni watu wa chumvi, na shamba lao hilo hapo." Nikakwambia mgeni amesoma. Ukasema, "Amesoma, lakini chumvi hajavuna." Basi hadi leo nyumba nzima inawaita watu wa chumvi.

Hayo yalikuwa ya kucheka. Haya mengine hayachekeshi.

Unajua kisanduku ukikiinamisha wanageuka. Wenye nyuso nyeupe wanakuwa weusi, macho yanakuwa meupe. Ukiinamisha zaidi wanaondoka wote, na kwenye ile fedha unabaki wewe, uso wako, umekaa palepale walipokuwa wao. Ulikuwa hukubali watu wawili wakitazame pamoja. Ukisema, "Hatujui nani atabaki humo." Mimi nilikuwa nacheka, lakini nilikuwa natazama peke yangu.

Na kabla hujaugua, ukungu ukaota kwenye uso wa yule bibi kizee. Kwanza kidoa shavuni. Halafu shavu. Halafu hakuwa na uso. Ulinionyesha ukiwa unachagua mchele, ukaniambia, "Bibi kajifunika. Na mimi nitandikie." Nikasema ni unyevu, Shangazi, huku kwetu hata redio zinaota kutu tumboni. Ulinitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuzia betri zilizokwisha.

Kisha tukakuzika.

Nilijiambia ni unyevu. Bado najiambia. Siku ya hitma yako wakwe walitaka kukiona, nikakifungua mbele ya watu, na wote waliona kitoto cha kike kiko safi. Nakiri nilikitazama hicho kwanza, kabla ya kile kiti cha bibi. Tulikuwa tumebaki wanne humu ndani ya nyumba, mimi, mke wangu, Asha na Rehema, na mimi sikutaka kuhesabu, lakini kichwa kilihesabu chenyewe.

Jana asubuhi Rehema aliamka anachemka. Bi Zaituni akaja kumjulia hali. Akaingia humu kutafuta kanga nzito ya kumfunika, akakawia. Unamjua Bi Zaituni, hawezi kutafuta kitu bila kusimulia anachokitafuta. Nikaona kimya kimezidi, nikamfuata. Amesimama dirishani, kisanduku wazi mkononi.

"Saidi, baba," akaniambia taratibu. "Mtoto ana damu mdomoni."

Nikamkimbilia Rehema kule sebuleni, nikamfungua mdomo, nikatazama ulimi, meno, kila mahali. Safi. Nikarudi. Bi Zaituni hakuwa ameondoka pale dirishani. Akaninyooshea kisanduku. "Huyu."

Kwenye mdomo wa kile kitoto, doa jekundu. Limekauka, limekoza katikati, kama mtu aliyetokwa damu akajifuta vibaya.

"Umemgusa?" nikamuuliza.

"Nani aguse? Mimi nina watoto."

Nikakirudisha sandukuni, hatukusubiri uji uive. Bodaboda, Asha nyuma, mtoto katikati, mimi nikafuata na nyingine. Njia nzima hadi Kivinje nilikuwa natazama mguu mmoja wa Rehema unaoning'inia na kiatu kimedondoka, na sikuthubutu kumwambia dereva asimame tukiokote. Wamemchukua damu, wamemtundikia dripu. Usiku kucha aliweweseka. Mwanzo hatukumwelewa. Kisha nikasikia vizuri.

"Hataki kula," anasema. "Nimempa, hataki."

Nikamuuliza nani.

"Yule."

Yule nani, mama? Akageukia ukutani.

Asha hajui habari za doa. Anadhani naogopa homa tu, kama watu wengine. Naye ananiliwaza, masikini, ananiambia, "Baba, homa ya mtoto hupanda na kushuka." Mimi natikisa kichwa. Mtu mzima na ndevu zangu, fundi wa redio, niliyejifundisha kusoma mchoro wa waya bila mwalimu, nimekaa wodini naogopa doa.

Leo niliposhuka hapa Bi Zaituni alikuwa ananingoja kwenye kibanda chake. Ana shauri. "Kifukie. Chini ya mkorosho ule wa nyuma. Soma dua, fukia, ondoka usigeuke." Nikamwambia nitafikiri. Akasema, "Wewe ndiyo ulivyo, utafikiri mpaka tumalize sanda."

Nikachukua jembe, Shangazi. Nakwambia wewe kwa sababu huwezi kumwambia mtu. Nilichimba. Udongo ni laini pale, haikuchukua muda. Nikasimama kutazama, nikaona nimechimba shimo dogo la mraba mrefu, kingo nimezisawazisha kwa mazoea. Mimi na wanaume wa hapa tumechimba makaburi mengi. Najua shimo la mtoto linavyokuwa. Nilikuwa nimemchimbia.

Nikalifukia tupu. Nikalikanyagakanyaga, nikarudishia majani makavu juu yake.

Ndipo nikaingia humu kuchukua kanga, nikakuta kifuniko. Nikakaa. Nimefungua kisanduku sasa hivi, nakitazama huku naandika. Bibi kizee hana uso. Mwenye bunduki ananitazama kama nimevuka mpaka wa shamba lake. Doa lipo. Nimewaza kulifuta, lakini maneno ya yule mgeni yananishika mkono. Nikifuta na kitoto kikaondoka na kitambaa je? Nitarudi wodini niseme nini? Nimekiinamisha kidogo, nuru ya mlangoni ikaingia, wakaondoka wote, nikabaki mimi. Na doa likabaki. Likawa kwenye mdomo wangu.

Kusema kweli hapo roho ilitulia kidogo. Nikasema, kama ni hivyo, sawa. Mimi nimeshakula chumvi ya kutosha. Nichukuliwe mimi.

Sitakifukia. Wala sitakiacha humu peke yake. Nitakitia mfukoni niende nacho, niketi nacho karibu na kitanda chake, nimtazame huyu na huyu. Sina akili nyingine. Wewe ungekuwepo ungejua la kufanya, au ungejifanya unajua, na hilo ndilo ninalolikosa zaidi.

Gari la kwenda Kivinje nalisikia linapiga honi barabarani. Nikuage hapa, maana sijui nitarudi kuandika nikiwa mtu wa namna gani. Lala salama, Shangazi. Mungu akupanulie kaburi. Nakuahidi, Rehema akitoka pale kwa miguu yake, nitakwenda kibandani kwa Bi Zaituni mchana kweupe, mbele ya wateja, nimwombe radhi ya kifuniko kwa jina lako. Najua hutapenda. Ndiyo maana nimekuchagulia ahadi hiyo.

*

Nimerudi. Ni karatasi ileile, kalamu nimeazima kwa muuguzi.

Wamesema ni malaria. Homa imeshuka, Rehema ameketi, ametukana uji. Nilikuwa nimeinama kumrekebishia mto, kisanduku kikachungulia mfukoni, akakiona.

"Babu, umemleta yule mtoto?"

Nikauliza, mtoto gani, nikijua.

"Wa kwenye sanduku la bibi. Amekonda. Mama yake anamtazama tu."

Nikakitoa. Nikakifungua mbele yake, tukakitazama wawili, ulichokuwa unakikataza. Akanyoosha kidole, nikamshika mkono kabla hajagusa.

"Nilimpa ale," akasema. "Nimempa hapa mdomoni, kila siku nampa. Hataki kula."

Nilichovya ncha ya kanga yako kwenye maji yake ya kunywa. Nikafuta kioo kwa juu. Doa likatoka. Kitoto kikabaki, na mkono wake wa moshi. Lile la yule bibi kizee nalo nililifuta, nikalisugua. Lile halikutoka. Liko chini ya kioo, na huko sitaingia.

Nikaramba ncha ya kanga. Ni ubuyu wa Bi Zaituni, na umezidi chumvi.