Bahari ya Gede

Temeke Wailes,
Dar es Salaam.
5 Januari, 1995

Mpendwa shemeji Faraji,

Najua huko Maskati umeshasema shikamoo kabla hujamaliza kufungua bahasha. Basi marahaba, nimeipokea. Hujambo wewe? Najma hajambo? Na watoto, bado wanakohoa kwa hivyo viyoyozi mnavyolala navyo? Sisi huku wazima, ila jua la mwezi huu halina adabu hata kidogo. Mpwa wako Nusaiba amefaulu mtihani wake wa kupiga chapa, na tangu siku hiyo nyumba nzima tunamwita Bi Katibu. Anajifanya hapendi.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Siku zote barua za nyumba hii anaziandika dada yako, mie naongeza salamu pembeni kama mpangaji. Lakini katika barua yako ya mwezi wa kumi uliniuliza mimi, si yeye, nikuambie kweli kuhusu macho yake. Nimechelewa kujibu kwa sababu sikujua nianzie wapi. Unisamehe.

Kweli yenyewe ni hii. Tabu ana presha ya macho, yote mawili. Anaona cha mbele tu, kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Cha pembeni hakioni mpaka akigonge. Ndiyo maana aliacha kufundisha mwaka juzi, wala si magoti kama alivyokuandikia. Daktari alishauri operesheni tangu Julai. Alitueleza waziwazi kwamba haitarudisha kilichopotea, italinda kilichobaki, na hata hilo hakuliahidi.

Tabu akakataa. Alisema kilichobaki atakitumia kuiona Gede, halafu Mungu akitaka macho yake achukue, ameshakubali. Nilibembeleza, nikanuna, nikamwita shangazi yenu kutoka Mbagala aje kumsemesha. Shangazi alikula, akalala, akarudi kwake na jibu lilelile.

Gede unaikumbuka, maana ulikaa darasani kwake. Ni ule mji wa kale huko Kenya, karibu na Malindi, aliowachorea ubaoni kila mwaka: lango la kasri lenye ncha juu, ukuta, na chini yake mawimbi. Anasema wewe uliipaka ile bahari rangi ya buluu mpaka karatasi ikatoboka, akakupa tisa kwa kumi. Yeye mwenyewe alikuwa hajafika. Mwaka sabini na saba walimu wa shule yake walikuwa wamepanga kwenda, ameshashona na gauni, mara mpaka wa Kenya ukafungwa. Ulipofunguliwa hali zetu unazijua, nani angewaza kutalii na sabuni yenyewe tunapanga foleni? Siku hizi kila kitu ruksa, nikaona kama tungengoja zaidi ningempeleka kipofu.

Tukaondoka siku mbili baada ya Krismasi, watu wanne: mimi, Tabu, Nusaiba, na Mwalimu Genoveva, yule Mhaya aliyekuwa akikungojea getini ukichelewa. Amestaafu, lakini bado anakuulizia kwa sauti ileile. Mpakani Horohoro afisa alimuuliza Tabu anakwenda kufanya nini Kenya. Akajibu, "Historia." Yule afisa akamtazama, akagonga muhuri.

Mombasa tulilala siku mbili. Tuliingia Ngome ya Yesu, na Genoveva alipanda kila ngazi iliyokuwepo kisha akadai apewe kiti. Madukani walitucheka kwa kusema "naomba" kila tulipotaka kitu. Tabu alikuwa na furaha ambayo sijaiona kwake tangu tuoane, na usimwambie nimesema hivyo.

Siku ya tatu asubuhi tukafika Gede. Shemeji, mji mzima umo msituni. Miti imeota ndani ya vyumba vya watu, na kima wamekaa juu ya kuta kama ndio warithi. Tulipewa mtu wa kutuongoza, Bwana Bakari, mtu mpole wa makamo. Baada ya robo saa yeye ndiye aliyekuwa akiongozwa. Tabu alijua msikiti mkuu uko wapi na kisima chake kiko upande gani. Alijua ni katika nyumba ipi wachimbaji waliokota mkasi, wakaiita Nyumba ya Mkasi. Lango la kasri alilisogelea mpaka pua inagusa jiwe, akalitazama kipande kimoja kimoja, kutoka chini hadi kwenye ncha. Nusaiba akampiga picha.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Bwana Bakari alirudi nyuma kumsaidia Genoveva, sisi watatu tukatangulia hadi ukuta wa nje. Tabu akasimama mahali palipobomoka, akaniuliza, "Mume wangu, bahari iko upande gani?"

Mie sikuwa na habari yoyote ya bahari. Lakini magofu yote niliyowahi kuyaona, Kunduchi, Kaole, Kilwa, yote yako ufukweni. Na ule mchoro wake nimeuona miaka yote niliyoishi naye. Nikajibu kama mtu anayejua, "Si hiyo hapo mbele yako, nyuma ya majani."

Akatazama. Akafunga macho, akafungua, akatazama tena. Akainua mkono wake mbele ya uso, akageuza vidole. Kisha akasema polepole, "Bahari siioni, Mfaume. Basi yamekwisha."

Sijawahi kuogopa hivyo, hata siku ile kontena lilipotuporomokea pale bandarini Kurasini. Nusaiba alianza kulia. Mimi mjinga nilizidi kumwonyesha kwa kidole, "Pale, mama Nusaiba, pale!" huku mwenyewe naona majani matupu, nikidhani bahari iko mbele kidogo tu. Alinishika mkono kwa nguvu.

Bwana Bakari akaja mbio, akauliza mama amepatwa na nini. Nusaiba akamwambia mama haioni bahari.

"Bahari gani?" akauliza yule bwana. "Hapa hakuna bahari, mama. Bahari iko mbali na hapa, kwa miguu utachoka njiani."

Tabu akamtaka arudie. Akarudia. Akamtaka arudie tena. Halafu akakaa chini palepale juu ya mawe, akacheka huku machozi yanamtoka, na Genoveva, aliyekuwa ndiyo kwanza anafika akihema, akakaa naye, akacheka bila kujua kinachochekesha. Mimi nilisimama kando nikiona haya. Dakika zile chache mimi ndiye niliyemzima macho mke wangu, kwa kuona aibu kusema sijui.

Aliponyamaza ndipo lilipomwingia la pili. Akasema, "Genoveva, mie watoto wa watu nimewachoresha bahari miaka yote hiyo. Kitabuni mlikuwa na picha ya lango tu, nikaongeza maji mwenyewe." Genoveva akamjibu kwamba yeye ndiye aliyesahihisha madaftari hayo zamu yake ilipofika, na maji aliyawekea vema. Kwa hiyo shemeji, tisa yako kwa kumi ina walakini, lakini usiirudishe.

Njia nzima ya kurudi Mombasa alikaa na Genoveva, si nami. Sikumlaumu. Asubuhi yake, tukinywa chai na mahamri, aliweka kikombe chini akasema atafanya operesheni. Hatukuwa tumemuuliza.

"Mie nilijidanganya kwamba nimeshakubali," alisema. "Pale ukutani nilipodhani yamezimika, nimejua sijakubali hata kidogo. Naogopa kisu, lakini ile nimeiogopa zaidi."

Tulirudi nyumbani siku ya mwaka mpya, na jana nilimpeleka kwa daktari. Imepangwa Jumanne, tarehe 14 Machi, tukishamaliza Idd. Daktari alirudia maneno yake yaleyale: atajitahidi, haahidi. Tabu aliitikia kwa kichwa. Njiani alinunua machungwa, akapatana bei mpaka muuzaji akachoka, nikajua hajavunjika moyo.

Nusaiba anakuamkia, na anataka kujua kama barua zijazo uandikiwe kwa mashine. Mwalimu Genoveva anakusalimu na kukukumbusha kuchomekea shati. Shangazi wa Mbagala anakuombea, na amesema sala zake zinafika Maskati bila stempu. Msalimie sana Najma, uwabusu watoto kwa niaba yetu. Mola awape afya na riziki ya halali, Ramadhani iwakute salama.

Nina ombi moja, nalo dada yako hajanituma. Juzi alitoa ile picha uliyopigwa siku ya kuondoka, mwaka themanini na sita, akaipeleka dirishani. Akaitazama muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Hivi Faraji ameshaota kipara kama baba?" Nilimwambia sijui. Mimi pia sijakuona miaka tisa, na kujibu kwa kubahatisha nimekoma.

Watu wema watakushauri uje baada ya operesheni, uje kumuuguza. Wauguzaji tupo, shemeji. Wewe njoo kabla.

Ni mimi nikupendaye,
shemeji yako,
Mfaume