Nyepesi Kama Mkasi

Malvern, 2 Juni 2018

Papa,

Sisi wa huku Jules Street tunakusalimu sana. Tuko wazima, isipokuwa Ruphin, mwenzangu wa dukani. Kichwa chake kina nyuzi saba, na kwa kuwa ni fundi cherehani analalamika kwamba daktari ameshona ovyo. Magoti yako je? Dawa unakunywa au unazipanga tu dirishani?

Evarista anakuletea barua hii akidhani ni vipimo vya suruali yako. Ndiyo maana nimeishona bahasha. Ukikuta uzi umekatwa, ujue binti yako huyu anayekupikia kila Jumamosi amekuwa mpelelezi. Ningekupigia simu, lakini kwa masikio yako mazito mtaa mzima wa Observatory ungesikia shida yangu kabla yako.

Jumanne saa tano asubuhi watu wawili waliingia dukani. Walichukua simu zetu na suti ya bwana harusi ambayo haikuwa hata na vifungo. Ruphin alichelewa kuinua mikono, wakampiga kwa kitako cha bastola. Mimi yangu niliinua haraka sana. Hilo ndilo linalonitafuna.

Nimeanza mafunzo ya kuombea kibali cha silaha. Muuza silaha amenionyesha rivolva mbili ndogo za kuweka mfukoni: moja ya chuma, nyingine nyepesi kama mkasi wangu wa kukatia. Wewe ulifundisha silaha jeshini Tanzania miaka kumi na moja kabla ya kuja huku na marehemu mama. Nichukue ipi?

Mkweo,
Gustave

Observatory, 9 Juni 2018

Gustave mwanangu,

Salamu zenu zimefika, na uzi haukukatwa. Magoti yanajua kwamba Juni imeingia. Dawa nakunywa. Mpe Ruphin pole, umwambie nyuzi za daktari hazihitaji kupigwa pasi.

Umeuliza swali zuri, basi vumilia jibu refu. Uzito wa silaha ndio unaomeza teke la risasi. Ile nyepesi haitavuta suruali, utaisahau mfukoni mpaka jioni. Lakini ukiipiga mara kumi uwanjani kiganja kitawaka moto, na mtu anayeumia huacha mazoezi. Ya chuma itakuchosha kuibeba, mwisho utaiacha nyumbani. Watu wengi wanaobeba mfukoni huchagua nyepesi na kujilazimisha kufanya mazoezi. Zote zina risasi tano tu. Chagua ambayo nyundo yake imefichwa ndani, isinase kwenye pindo unapoitoa. Ikae kwenye ala ya ngozi inayofunika kifyatuo, na mfuko huo usiwe na kitu kingine: si ufunguo, si sarafu, si chaki yako.

Tena usifyatue kamwe kupitia mfukoni, hata ukibanwa. Kitambaa huungua duara, na sufu huendelea kufuka moshi kwa muda mrefu kuliko unavyodhani.

Nunua sanduku la chuma, na mwambie Evarista. Wajukuu wangu wanalala nyumba hiyo.

Baba yako,
Barnabas

Malvern, 16 Juni 2018

Papa,

Natumaini barua hii inakukuta kwenye jua, si kitandani. Watoto wanakusalimu kwa Kiingereza, uwasamehe.

Evarista nimemwambia. Aliuliza sanduku litakaa wapi. Nimechagua nyepesi. Nikingoja kibali, nimejishonea mfuko wa kulia wa turubai, natia mkasi ndani na kutembea mpaka kwenye robot, zile taa za barabarani, na kurudi. Ruphin ananiita sherifu. "Sherifu, suruali inashuka."

Ila kuna neno lako limenikaa. Mwaka 2011 uliniletea koti la sufu la kijivu lenye tundu mfukoni, nikalifuma uzi kwa uzi mpaka lisionekane. Uliniambia ni sigara. Papa, sijawahi kukuona na sigara. Na tundu la sigara huingia kutoka nje. Lile lilitoka ndani.

Siulizi kwa ubishi. Nauliza kama fundi.

Mkweo,
Gustave

Observatory, 22 Septemba 2018

Gustave mwanangu,

Najua miezi mitatu umekuwa ukimuuliza Evarista kama nimekasirika. Sikukasirika. Afya yangu ni nzuri, kosa ni la kalamu.

Mwaka 1997 nilikuwa na rivolva kama hiyo unayoitaka, katika koti hilo. Uzuri wa mfuko ni kwamba unaweza kuishika silaha na mtu asijue. Unaonekana mzee anayesikia baridi. Ubaya wake ni huo huo. Mkono unakuwa umeshaamua, wewe bado unafikiri. Siku moja niliingia gereji ya nyumbani kwetu, saa nane mchana, nikasikia hatua nyuma yangu. Niligeuka. Kijana alikuwa amenyoosha mkono, na mkononi kuna kitu kinachong'aa. Sikutoa silaha mfukoni. Nilifyatua pale pale ilipokuwa.

Aliitwa Thabo, aliosha magari mtaani kwetu. Alikuwa ananiletea funguo zangu. Nilizisahau langoni.

Aliishi siku tisa. Mahakama iliniachia. Mama yake hakuniachia, wala hakunitukana. Kila mwaka, mwezi ule, alikuja, akaomba kuliona koti, akatia kidole katika tundu, akanywa chai aliyopika marehemu mke wangu, akaenda. Alipofariki, 2011, nikadhani sasa naweza kuliziba. Uliziba vizuri sana. Mimi bado naliona.

Mlio ulikuwa mkubwa ndani ya kuta zile. Sikio la kulia halikusikia tena kitu chochote tangu siku ile, ila funguo. Zinalia hata sasa ninapoandika.

Baba yako,
Barnabas

Malvern, 29 Septemba 2018

Papa,

Pole. Sijui neno lingine.

Mfuko nimeufumua jana. Muuza silaha nimemwambia asiniwekee tena ile nyepesi. Evarista amelia, nadhani kwa furaha.

Mkweo,
Gustave

Malvern, 14 Septemba 2019

Papa,

Nakusalimu. Evarista na watoto hawakuguswa, naanza na hilo.

Ruphin tulimzika juzi. Watu watatu waliingia dukani mchana, mmoja akiwa na kisu. Walitaka mashine za kushonea. Ruphin akashika yake, ile aliyomaliza kuilipia Julai, akawaambia, "Eish, chukueni nguo, hii hapana." Yule wa kisu akamchoma. Nilikuwa ng'ambo ya meza ya kukatia. Mkono wangu wa kulia uliingia mfukoni wenyewe. Ndani kulikuwa na chaki.

Mama yake yuko kwao, Kalemie. Nilimpigia simu. Ananiuliza kila mara, "Na wewe ulikuwa wapi?" Namwambia, "Nilikuwa pale, mama."

Sikulaumu. Nataka tu unieleze, wewe unayejua kueleza. Ningekuwa na ile rivolva, ingekuwaje?

Mkweo,
Gustave

Observatory, 26 Oktoba 2019

Gustave mwanangu,

Hali yenu siulizi. Evarista huniambia, na sijui namna ya kuiuliza.

Wiki sita nimekaa na swali lako. Jibu la kwanza nililoandika lilieleza upana wa meza, na muda ambao mkono huchukua kutoka mfukoni. Lilikuwa sahihi kabisa. Nimelichana. Nililoandika baadaye lilikuwa la kukufariji, nikalichana pia.

Ungekuwa nayo, huenda Ruphin angekuwa hai. Huenda ungempiga yeye, maana alisimama kati yako na wao. Sijui. Nimefundisha silaha miaka kumi na moja na hilo sijui, wala mwaka jana sikulijua. Nilikusimulia habari za Thabo, ukazisoma kama ushauri, nami nikakuacha uzisome hivyo kwa sababu zilinipa nafuu. Nilitaka kifo kile kiwe kimemwokoa mtu. Kwa hiyo usiubebe mzigo huu peke yako. Wa kuulizwa nilipaswa kuwa mimi.

Mama wa Ruphin akikuuliza tena ulikuwa wapi, mwambie kuna mzee aliyekushauri, na kwamba mzee huyo atamwandikia. Nitaweka jina langu lote na nilichokuambia. Tafuta huko Kalemie mtu wa kumsomea taratibu, asiruke mstari. Akitaka kuniuliza kitu, hata kila mwaka, nitajibu.

Niletee anwani yake Jumamosi. Usimpe Evarista. Njoo nayo wewe.

Baba yako,
Barnabas